Je, riwaya yangu inawapamba majambazi wenye viapo?

Mwalimu, shikamoo.

Ninaandika riwaya ya kifantasia na nimefika sura ya kumi na mbili. Kisa kinatokea Shumbwe, mji wa bandari niliouzua mwenyewe, ambako chumvi ndiyo fedha na ndiyo uganga: mwenye chumvi iliyovunwa usiku wa mwezi mpevu anaweza kuita upepo, kutibu jeraha, au kumfunga maiti kinywa asimtaje aliyemuua. Mfalme amehamia bara pamoja na mahakama yake, na pengo aliloliacha limejazwa na genge liitwalo Ndugu wa Chumvi. Hawa huvusha chumvi kwa magendo, huendesha nyumba za kamari na hutoza wenye maduka ada ya ulinzi. Hata hivyo wana miiko yao. Hawamgusi mtoto wala mwanamke, hawadanganyani wao kwa wao, na kila anayeingia hulamba chumvi kwenye ncha ya kisu huku akila yamini kwamba hatatoa siri. Yamini hiyo ina nguvu za uganga, kiasi kwamba anayeivunja hugeuka jiwe ulimi kabla hajamaliza kusema.

Mhusika mkuu ni Rehani, kijana yatima aliyelelewa na mkuu wa genge, ambaye kila mtu humwita Baba. Katika sura ya tisa, mmoja wa Ndugu anamuua mfanyabiashara asiye na hatia, na Baba anaamuru muuaji huyo auawe mbele ya wenzake wote, akisema kwamba heshima yao haiuzwi. Marafiki niliowapa rasimu wameipenda sura hiyo kuliko nyingine zote, na mmoja wao ameniambia kwamba kama genge hilo lingekuwapo angejiunga nalo. Nilifurahi sana, mpaka nilipompa rasimu mjomba wangu, ambaye ni askari polisi mstaafu. Aliisoma yote kwa siku chache, kisha akanirudishia akaniambia: “Mpwa wangu, umeandika vizuri, lakini watu hawa hawapo. Umewapamba majambazi.” Nilipomjibu kwamba hii ni fantasia, na kwamba hata chumvi inayoita upepo haipo, alinyamaza tu, na tangu siku hiyo sijaweza kuandika ukurasa mmoja.

Naomba unisaidie, Mwalimu. Je, genge la uhalifu linaweza kuwa na heshima ya kweli, au ni lazima nifichue mwishoni kwamba yote yalikuwa uongo? Nikiwaondolea heshima hiyo, watabaki wezi wa kawaida na riwaya itakufa. Nikiwaachia, ninaogopa kwamba mjomba amesema kweli. Nimjibu nini?

Mwandishi mchanga, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako kwa makini, na nitaanza na mjomba wako, kwa sababu nadhani amekosea katika nusu moja na amepatia katika nusu iliyo nzito zaidi. Watu wanaokula viapo, wanaoshika miiko na wanaojiita watu wa heshima huku wakiishi kwa uhalifu wapo, tena wamekuwapo kwa zaidi ya karne moja katika nchi kadhaa. Asichokiona katika rasimu yako, kwa jinsi ulivyoieleza, ni mtu anayeigharimia heshima hiyo. Askari aliyefanya kazi miaka mingi amekaa na watu wa namna hiyo, walioporwa na wakaogopa kuandikisha maelezo, na ameona kwamba Shumbwe nzima haina hata mmoja wao mwenye jina.

Tarehe 5 Novemba 2007 polisi wa Italia walimkamata Salvatore Lo Piccolo, mmoja wa wakuu wa Cosa Nostra, yaani mafia wa kisiwa cha Sicilia, karibu na Palermo. Katika karatasi alizokuwa nazo mafichoni ilikuwamo orodha ya amri kumi zilizopigwa chapa, baadhi yake hizi. Mwanachama asijitambulishe mwenyewe kwa mwanachama asiyemjua, ni lazima awepo wa tatu wa kuwatambulisha. Asimtazame mke wa mwenzake. Asionekane akiwa na polisi. Asishinde vilabuni. Aitikie wito wakati wowote, hata kama mke wake anakaribia kujifungua. Wake waheshimiwe. Akiulizwa jambo na wenzake, aseme kweli. Asichukue fedha za wanachama wenzake wala za koo nyingine za mafia. Ukizisoma amri hizo peke yake unaweza kudhani ni kanuni za chama cha wacha Mungu. Lakini katika karatasi hizohizo zilikuwamo pia hesabu za fedha walizotozwa wenye biashara, wale wanaolipa kile ambacho Wasicilia hukiita pizzo, yaani ada ya ulinzi wa kujikinga na mlinzi mwenyewe.

Ningependa uiweke picha hiyo ya karatasi mbili mbele yako unapoandika. Tazama kwamba amri inayokataza kuchukua fedha inawahusu wanachama na koo zao tu. Mwenye duka hayumo. Kwa hiyo sikubali ufichue mwishoni kwamba heshima ilikuwa uongo. Kwa walio ndani ni ya kweli, wanaiishi, na wapo waliokufa kwa ajili yake. Ubaya wake umo katika mpaka wake. Imewekwa izunguke kundi dogo, na kila aliye nje ya mzunguko huo anakuwa mtu anayeweza kukamuliwa bila aliye ndani kuona aibu yoyote. Ukiuandika mpaka huo waziwazi, hutahitaji kumwambia msomaji nani mbaya.

Sasa nije kwenye yamini yako, kwa maana hapo ndipo nilipoona kasoro kubwa ya ufundi, na ukiirekebisha mengine mengi yatajirekebisha yenyewe. Umesema anayevunja kiapo hugeuka jiwe ulimi. Mwanangu, kiapo kinachojilinda chenyewe kinaua heshima uliyotaka kuijenga. Mtu ambaye hawezi kusaliti hana uaminifu wa kusifiwa, kwa sababu hakuchagua kitu. Viapo vya watu wa kweli havina uganga huo. Katika Cosa Nostra anayeingia huchomwa kidole, damu yake hudondoshwa kwenye picha ya mtakatifu, kisha picha huchomwa moto mikononi mwake huku akiapa kwamba naye aungue vivyo hivyo akisaliti. Nchini Japani wayakuza, yaani watu wa magenge ya uhalifu ya huko, hunyweshana sake, pombe ya mchele, katika vikombe vya sherehe, na tangu hapo mmoja huwa baba na mwingine mtoto, ingawa hawana damu moja. Hata sisi tunaujua undugu wa kuchanjiana, ambao wafanyabiashara wa misafara waliutumia kupata usalama katika nchi za watu. Mwaka 1876 Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi, alichanjiana na Stanley, msafiri wa Kizungu, ingawa muda mfupi kabla wangeweza kupigana. Picha iliyoungua haina uwezo wa kumfuata mtu, wala chale hazimzuii mkono. Kinachokishikilia kiapo ni mashahidi waliokuwapo, hofu, na mahitaji ya kila siku, na mtu anaweza kukivunja asubuhi yoyote akiamua.

Kuna aliyeamua. Mwaka 1984 Tommaso Buscetta, aliyekuwa amerudishwa Italia kutoka Brazili, aliketi mbele ya hakimu mchunguzi Giovanni Falcone na kuanza kueleza muundo wote wa Cosa Nostra. Wanawe wawili walikuwa wametoweka mwaka 1982, na ndugu zake wengine walikuwa wameuawa katika vita ambamo mafia wa mji wa Corleone waliwafyeka wapinzani wao. Jambo ambalo mwandishi anapaswa kulitafakari ni kwamba Buscetta hakujiona msaliti. Alishikilia kwamba waliosaliti ni wale wa Corleone, walioikanyaga heshima ya zamani, na kwamba yeye ndiye aliyebaki nayo. Maelezo yake yalisaidia kuifanya ile kesi kubwa ya Palermo iliyoanza Februari 1986 na kutolewa hukumu Desemba 1987, ambayo watu zaidi ya 300 walitiwa hatiani. Falcone mwenyewe aliuawa kwa bomu la barabarani tarehe 23 Mei 1992, pamoja na mkewe, Francesca Morvillo, na walinzi watatu. Katika Shumbwe yako, Buscetta angegeuka jiwe ulimi kwenye neno la kwanza, na kisa kizima kisingekuwapo.

Sikuambii uutupe uganga wa chumvi, kwa maana ni mzuri na ni wako. Ninakuambia uutie mashaka au uutie mpaka. Huenda Ndugu wote wanaamini kwamba ulimi hugeuka jiwe, na hakuna aliyewahi kuona, kwa sababu wanaoshukiwa huuawa kabla ya kusema. Au huenda uganga unafanya kazi kweli, lakini unalinda maneno yaliyotamkwa tu, na siku moja Rehani anagundua kwamba Baba alipokula yamini yake miaka mingi iliyopita aliapa kwa maneno mengine, yaliyo mafupi zaidi. Mimi ningeichagua njia hii ya pili. Inamfanya kijana asome upya maisha yake yote, na inauliza swali ambalo kila kundi la namna hii huliepuka: nani anayaandika maneno ya kiapo, na je, yanamfunga yeye pia?

Hapo tunaingia katika sura yako ya tisa. Marafiki zako wameipenda kwa sababu inawapa haki ya haraka, nami naelewa utamu wake kwa wasomaji ambao kesi zao huahirishwa mwaka hata mwaka. Lakini jiulize Baba anamuua yule mwanachama kwa kosa gani. Katika Cosa Nostra kuua bila idhini ya mkuu wa eneo ni kosa zito, na anayelifanya anaweza kuuawa; kosa lenyewe ni kuua bila kuomba ruhusa, na aliyekufa si sehemu ya shauri hilo. Iandike hivyo. Acha Baba aseme maneno yaleyale ya heshima na Ndugu wote wayapokee kwa vichwa vilivyoinama, kisha mpeleke Rehani nyumbani kwa marehemu siku inayofuata, amkute mjane akiwa na mtu wa genge mlangoni anayemkumbusha kwamba ada ya mwezi bado haijalipwa. Usiongeze maelezo yoyote. Rafiki yako aliyetaka kujiunga ataanza kusoma kwa namna nyingine.

Kuhusu mwiko wa kutogusa watoto nitasema jambo ambalo si rahisi kulisoma, na silisemi ili kukutisha. Mafia nao walijisifu hivyo kwa miaka mingi, na wengi waliamini. Mwezi Novemba 1993 walimteka Giuseppe Di Matteo, mtoto wa miaka 12, ili kumnyamazisha baba yake aliyekuwa ameanza kuwaeleza wachunguzi siri zao. Waliomchukua walivaa kama polisi, wakamwambia wanampeleka kwa baba yake. Wakamfungia kwa zaidi ya miaka miwili, wakamuua Januari 1996, na mwili wake wakauyeyusha kwa tindikali. Mwiko ulidumu kwa muda ule ambao haukuwagharimu chochote. Kwa hiyo usiutangaze mwiko katika sura ya pili kisha ukauacha ukutani hadi mwisho wa kitabu. Utafutie siku ambayo kuushika kutawapotezea Ndugu bandari nzima, umpe kila mmoja wao nafasi ya kuchagua, na usiwafanye wote wachague sawasawa. Atakayeushika siku hiyo atakuwa na heshima ambayo hata mjomba wako hataipinga, na kwa hakika Ndugu wenzake watamwita msaliti.

Nimependa kwamba umemwondoa mfalme pamoja na mahakama yake, maana hapo umegusa chanzo. Mafia wa Sicilia walikomaa katika karne ya 19, wakati mashamba yalipokuwa yakibadilisha wenyewe na serikali mpya ya Italia haikuwa na nguvu wala imani ya watu vijijini. Mashamba ya ndimu kuzunguka Palermo yalikuwa na faida kubwa na yalikuwa rahisi kuharibiwa: mti huchukua miaka kuzaa, na hukatwa kwa usiku mmoja. Aliyeweza kuzuia shoka aliweza kudai malipo, na aliyedai malipo alikuwa na sababu ya kuhakikisha kwamba shoka haliishi kuogopwa. Mashamba yako ya chumvi yanaweza kubeba kisa hichohicho, kwani maji machafu yakifunguliwa usiku, mavuno ya msimu mzima yamekwenda. Waonyeshe pia Ndugu wakitenda wema wa kweli. Baada ya tetemeko la ardhi la Kobe, Januari 1995, Yamaguchi-gumi, kundi kubwa kuliko yote ya yakuza, liligawa chakula na maji mitaani, na wenye njaa walishiba kwelikweli. Mwandishi mkweli hauondoi mkate huo katika habari. Anaonyesha pia mgawaji anachokidai mwaka unaofuata.

Jambo moja zaidi kuhusu heshima, nalo ndilo ninalolitaka uliweke katikati ya kitabu: wenye genge hawana hatimiliki yake. Mwezi Januari 1991 Libero Grassi, mwenye kiwanda cha nguo mjini Palermo, alichapisha gazetini barua kwa mtoza ada wake, akisema wazi kwamba hatalipa. Wenye viwanda wenzake wengi walimwacha peke yake. Tarehe 29 Agosti mwaka huohuo aliuawa kwa risasi mtaani, akitoka nyumbani kwenda kazini. Mwaka 2004 vijana wa mji huo walibandika usiku karatasi ndogo zenye maandishi kwamba taifa zima linalolipa pizzo ni taifa lisilo na utu, na kutokana na hatua hiyo likazaliwa vuguvugu la Addiopizzo, linalowaunga mkono wafanyabiashara wanaokataa kulipa. Mtu wa heshima wa Palermo, kwa hukumu yangu, ni yule mwenye kiwanda cha nguo. Katika rasimu yako mfanyabiashara anakufa katika sura ya tisa bila kusema sentensi moja. Mrudishe nyuma hadi sura ya nne. Mpe jina, duka, watoto, deni, na hasira. Awe amewahi kumpa Rehani kazi. Akikataa kulipa, akatae kwa maneno yanayofanana na yale ambayo Baba amekuwa akimfundisha Rehani tangu utotoni kuhusu mwanamume asiyepiga magoti, ili kijana asikie mafundisho ya nyumbani kwake yakitoka kinywani mwa mtu ambaye nyumba yake inamwinda.

Umeniuliza umjibu nini mjomba. Usimjibu kwamba ni fantasia, kwa sababu hoja hiyo inaihusu chumvi, na yeye hakulalamikia chumvi. Mwambie amepatia kuhusu kilichokosekana, kisha mwombe msaada ambao mimi siwezi kukupa. Yeye anajua jinsi mtu aliyetishwa anavyoingia kituoni, anakaa wapi, anaanza kueleza habari gani zisizohusiana na kilichomleta, na kwa nini baadhi yao huondoka kabla ya kutia sahihi. Mwombe akueleze hayo bila majina, na uyaandike kwa mkono akiwa anazungumza. Mke wa mfanyabiashara wako wa Shumbwe atahitaji sura nzima ya namna hiyo, akiwa amesimama mbele ya karani wa mwisho aliyeachwa na mfalme, akijua anachotaka kusema na akijua pia ni nani aliyemwona akiingia.